Kidonge cha mifupa hakimezwi kwa chai ya maziwa

Msomaji mmoja ameniandikia kuhusu mama yake mwenye miaka 71. Kila Jumapili humeza alendroneti, kidonge cha kuzuia mifupa isidhoofike, kwa chai ya maziwa, kisha hurudi kitandani. Miaka 2 imepita, kipimo cha mifupa kimezidi kushuka, na sasa kiungulia kinamsumbua. Anauliza kama anauziwa dawa feki. Inawezekana kabisa dawa ni nzima, ila haijawahi kufika mfupani.

Mfupa hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Seli zinazobomoa huitwa osteoklasti, zinazojenga ni osteoblasti. Osteoklasti hujibana juu ya mfupa, ikazungushia eneo lake, ikamwaga asidi inayoyeyusha madini, kisha kimeng'enya kiitwacho kathepsini K kikakatakata kolajeni, yaani nyuzi za protini, iliyobaki. Hedhi ikikoma na homoni ya estrojeni ikashuka, wabomoaji huongezeka na wajenzi hawawafikii tena.

Sasa itazame molekuli ya alendroneti. Ina fosforasi mbili zilizoshikanishwa na kaboni. Mwili una molekuli ya asili inayofanana nayo, pairofosfeti, yenye oksijeni mahali pa kaboni hiyo. Ile ya oksijeni hukatwa upesi na vimeng'enya. Ya kaboni haikatiki. Na sehemu hizo mbili zenye fosforasi zinapenda kalsiamu kupita kiasi. Ndiyo sababu dawa ikishaingia kwenye damu hukimbilia mfupani na kukaa humo miaka. Ndiyo sababu pia ikikutana na kalsiamu ya maziwa tumboni, hushikamana nayo palepale na kupita kwenda chooni. Hata kwa maji matupu na tumbo tupu, kinachofyonzwa hakifiki asilimia 1. Kahawa au juisi ya machungwa hupunguza hicho kidogo kwa takriban asilimia 60. Ukiweka maziwa juu yake, umebaki na nini?

Kwa hiyo meza 70 mg mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji ya kawaida. Subiri angalau dakika 30 bila chakula, kinywaji wala dawa nyingine, ukiwa umekaa wima au unatembea. Ukilala, kidonge kinaweza kukwama kwenye umio na kuuchubua. Kiungulia cha mama huyo huenda kimetokana na hapo, na amwone daktari kabla ya kumeza kingine. Vidonge vya kalsiamu visogezwe mchana au jioni.

Dawa iliyofika mfupani hutulia ikingoja. Osteoklasti ikija kuyeyusha mfupa, huibandua na kuimeza pamoja na madini. Ndani ya seli, dawa huziba kimeng'enya kiitwacho farnesili pairofosfeti sinthesi, kwenye njia ileile ya kutengeneza kolesteroli ambayo statini, dawa za kushusha kolesteroli, huiziba hatua za mwanzo. Kikizibwa, seli hukosa mikia ya mafuta ya kubandika kwenye protini ndogo kama Rho, Rac na Rab. Bila mkia, protini hizo haziwezi kushika utando wa seli. Ukingo wenye mikunjo unaomwaga asidi huporomoka, na seli huacha kazi au hufa.

Denosumabu, dawa ya mifupa ya sindano, ni habari nyingine, na hapa naomba tusikilizane. Wajenzi, na seli zilizozama ndani ya mfupa, hutoa protini iitwayo RANKL. Inapogusa kipokezi chake kwenye seli changa, seli hizo hukomaa na kuwa wabomoaji. Denosumabu ni kingamwili inayoinasa RANKL njiani. Hudungwa 60 mg chini ya ngozi kila miezi 6. Lakini haigandi mfupani! Ikiisha, RANKL hurudi kazini, wabomoaji hujaa kwa mkupuo, na pingili kadhaa za mgongo zinaweza kuvunjika ndani ya miezi michache. Usiache sindano kwa sababu unajisikia vizuri. Mfupa unaopungua hauumi. Usipitishe miezi 7 tangu sindano ya mwisho, na ukitaka kuacha, daktari akupangie kwanza dawa ya kundi la alendroneti ishike nafasi.

Zipo pia dawa za kujenga mfupa. Teriparataidi, 20 mikrogramu kila siku, huwaamsha osteoblasti. Romosozumabu, 210 mg kila mwezi kwa miezi 12, huinasa sklerostini, protini inayowazuia wajenzi. Fununu ya sklerostini ilitokana na watu, wengi wao Makaburu wa Afrika Kusini, waliozaliwa bila protini hiyo na wenye mifupa minene mno. Aliyepata kiharusi au shambulio la moyo ndani ya mwaka uliopita asipewe romosozumabu.

Kwa mama huyo: kipimo cha figo, kalsiamu na vitamini D kwanza. Kama umio umeumia au hawezi kukaa wima nusu saa, aulizie asidi ya zoledroniki, ya kundi la alendroneti, 5 mg kwa dripu ya dakika zisizopungua 15, mara moja kwa mwaka. Haipiti tumboni. Uwezo wa figo kuchuja ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika, dripu hiyo asipewe.