Je, matakwa ya programu yaandikwe kwa mantiki rasmi?

SWALI: Mimi ni mwandishi wa programu. Katika timu yetu matakwa ya mteja huandikwa kwa maneno ya kawaida, lakini mwenzetu mmoja anashikilia kwamba yaandikwe kwa mantiki rasmi, yaani kwa alama zenye kanuni na maana moja tu. Je, kuna faida, au ni kupamba kwa alama jambo ambalo tayari linaeleweka?

JIBU: Ndugu msomaji, naungana na mwenzenu, kwa sababu mengi tunayodhani yanaeleweka hayajaeleweka. Chukua takwa hili kuhusu seva, yaani kompyuta zinazohudumia maombi ya watumiaji: "Kila ombi lishughulikiwe na seva moja." Ukiliandika kimantiki, utalazimika kuchagua: kwa kila ombi ipo seva moja inayolishughulikia, au ipo seva moja inayoshughulikia kila ombi? Kwa maana ya kwanza, seva zinaweza kuwa nyingi zikagawana kazi. Kwa maana ya pili, ikizimika hiyo moja, huduma yote imesimama. Kilichobadilika ni mpangilio wa "kila" na "ipo" tu, ilhali waandishi wawili wanaweza kujenga mifumo isiyopatana, kila mmoja akiamini kwamba ametii takwa lilelile.

Lipo pia suala la wakati, ambalo mwanasayansi wa kompyuta Amir Pnueli alilishughulikia mwaka 1977 alipopendekeza mantiki ya wakati itumike kueleza mwenendo wa programu. Humo hutenganishwa matakwa ya kwamba jambo baya lisitokee kamwe na yale ya kwamba jambo jema hatimaye litokee. Programu isiyofanya lolote hutimiza yote ya aina ya kwanza. Kwa hiyo waraka uliojaa makatazo matupu bado haujaagiza kitu.

Njia ya 14 ya metro ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1998 na ambayo treni zake hazina madereva, ilitengenezewa programu zake za usalama kwa Mbinu B, inayoanzia kwenye maelezo ya kimantiki na kuthibitisha kila hatua hadi kwenye msimbo, yaani maagizo ya programu yenyewe. Siwashauri mfike huko kwa kila kazi. Anzeni na haki za kufikia data, malipo, na shughuli zinazokwenda sambamba. Mpangilio wa skrini ubaki katika maneno.

Hata hivyo, uthibitisho huonyesha kwamba programu inalingana na kilichoandikwa, wala hauonyeshi kwamba kilichoandikwa ndicho alichokitaka mteja. Kila fomula, yaani takwa lililoandikwa kimantiki, iambatane na maelezo ya kawaida, kisha mteja aulizwe kuhusu matokeo ya fomula hiyo, mojamoja, kabla hamjaanza kuandika msimbo.