Barua ya neno moja inakaa nusu dakika: je, tuongeze kasi ya intaneti?

Swali

Fundi, habari za kazi. Mimi si mtaalamu wa mitandao, ila hapa ofisini nimeangushiwa jukumu la kompyuta kwa kuwa ndiye ninayejua kubadilisha wino wa printa. Tuko watu kumi na wanane. Kila anayetuma barua pepe husubiri karibu nusu dakika kabla haijaondoka, hata kama ameandika "Sawa" basi. Kupokea hakuna shida, na tovuti zinafunguka vizuri. Barua zetu ziko kwenye seva ya kampuni inayotuhifadhia tovuti. Nikitumia akaunti hiyohiyo kwenye simu, kwa bando langu, inaondoka papo hapo. Mtoa huduma wa intaneti amepima laini akasema ni nzima, na sasa meneja anataka tulipie kasi kubwa zaidi. Itasaidia?

Jibu

Salama, ndugu yangu. Haitasaidia. Mwombe meneja asisaini chochote kwanza.

Jibu umelitoa mwenyewe uliposema "hata kama ameandika Sawa". Barua huchelewa kwa namna mbili. Kuna kuchelewa kwa mzigo, ambako barua ikiwa nzito inakawia na ikiwa nyepesi inawahi. Halafu kuna kuchelewa kwa kusubiri, ambako nyepesi na nzito zote husimama muda uleule, kisha hupita. Kasi inatibu kule kwa mzigo tu. Gari lililosimama getini likimsubiri mlinzi mwenye funguo halitawahi kwa sababu barabara imepanuliwa.

Thibitisha kwa saa ya simu. Tuma barua ya neno moja, kisha nyingine yenye kiambatisho cha MB 5. Ikiwa ya kwanza imechukua sekunde 28 na ya pili 45, basi zile 28 ni za getini. Rudia mara tatu au nne. Muda ukijirudia karibu bila kubadilika, ujue kuna programu mahali fulani yenye subira iliyohesabiwa, inayongoja jibu lisilokuja. Laini iliyojaa haina nidhamu hiyo: mara sekunde 9, mara dakika nzima.

Utajiuliza mbona kupokea ni haraka. Programu ya barua ikishaunganika na seva kwa IMAP, utaratibu wa kusomea barua, huacha njia wazi kwa muda mrefu. Kutuma ni kwa SMTP, utaratibu mwingine, na kwa kawaida muunganisho mpya hufunguliwa kila unapotuma. Kila "Sawa" inapita getini upya.

Sasa chukua simu ileile, zima bando, iunganishe na Wi-Fi ya ofisi, utume tena. Ikiondoka papo hapo, mtandao hauna kosa na ugonjwa uko kwenye kompyuta. Hapo mtuhumiwa wangu wa kwanza huwa programu ya kuzuia virusi inayojiweka katikati ya kompyuta na seva ili ikague kila kinachotoka. Kwenye kompyuta moja, zima kile kipengele cha kukagua barua zinazotoka, kwa dakika tano tu, upime. Usiiondoe programu nzima.

Simu nayo ikikawia, na nadhani itakawia, ni wakati wa kubisha hodi kwa mkono. Fungua dirisha la amri, andika telnet, acha nafasi, jina la seva yenu ya kutuma barua, acha nafasi, kisha 587. Kwenye Windows telnet huja ikiwa imezimwa, kwa hiyo iwashe kwanza kwenye orodha ya vipengele vya Windows. Tumia poti 587, yaani mlango namba 587 wa seva, wala si 465. Kwenye 465 usimbaji huanza tangu mwanzo na seva hungoja wewe uanze kuongea, kwa hiyo utakodolea macho skrini tupu bila kujifunza chochote.

Bonyeza Enter na uanze kuhesabu. Unachosubiri ni mstari unaoanza na 220, ambayo ndiyo salamu ya seva. Kimya kikitokea kabla ya kuunganika, shida iko upande wenu, kwenye jina au kwenye njia. Rudia ukiweka anwani ya IP ya seva, yaani namba yake mtandaoni, badala ya jina. Ikiwahi, basi tafsiri ya majina ndiyo inayokawia, na mara nyingi utakuta ruta inagawa DNS mbili, yaani seva za kutafsiri majina kuwa anwani, na ile ya kwanza imekufa. Mashine ya Linux, kwa mfano, kwa kawaida husubiri sekunde 5 kabla ya kumuuliza wa pili. Ikiwa kimya ni cha sekunde 21 hivi kwenye Windows, nenda moja kwa moja kwenye IPv6, yaani mtindo mpya wa anwani za IP; ule wa zamani ni IPv4. Huo ndio muda ambao Windows kwa kawaida huchukua kukata tamaa na anwani isiyojibu, halafu inajaribu ya IPv4. Vivinjari vya kisasa havingoji hivyo. Hujaribu anwani zote mbili karibu kwa pamoja na kushika iliyowahi, ndiyo maana tovuti zenu zinafunguka vizuri kana kwamba hakuna kilichoharibika.

Lakini ningeulizwa niweke dau, ningesema muunganisho utakubalika mara moja, skrini itakuwa tupu, na 220 itakuja baada ya nusu dakika. Hapo seva imekuona na inakuchunguza kabla ya kukusalimia.

Kwanza huuliza DNS: hii anwani ya IP ina jina gani? Watu husema kukosa jina ndiko kunakochelewesha. Si kweli. Jibu la "haina jina" hurudi upesi. Kinachochelewesha ni pale seva za DNS zilizopewa kazi ya kujibu swali hilo zinaponyamaza. Tafuta anwani ya IP ya nje ya ofisi, kisha andika nslookup na anwani hiyo. Ukijibiwa mara moja, hata kwa kukataliwa, songa mbele. Ikikwama hadi muda uishe, mpigie mtoa huduma wa intaneti, kwa kuwa rekodi hiyo hurekebishwa na mwenye anwani, yaani yeye au aliyempa.

Pili ni desturi ya kizee iitwayo ident, iliyoandikwa rasmi mwaka 1993. Seva inarudi kwako kupitia poti 113 kuuliza ni mtumiaji gani aliyefungua muunganisho huu. Siku hizi seva nyingi zimeiacha, lakini za zamani bado zipo. Niliwahi kuhangaika siku mbili kwenye ofisi moja, nikabadilisha swichi, nikabadilisha hadi kebo, kumbe fayawoli mpya, yaani kinga ya mtandao, ilikuwa inameza maswali ya poti 113 kimyakimya. Seva inauliza, haijibiwi, inangoja hadi subira iishe, ndipo inasalimu. Niliongeza kanuni moja tu: poti 113 ikataliwe waziwazi badala ya kumezwa. Kukataliwa ni jibu, na seva ikishajibiwa inaendelea na kazi. Barua zikaanza kuondoka kabla sijainuka kwenye kiti.

Tatu, seva nyingine huchelewesha salamu makusudi, kwa kuwa programu za kutuma barua taka hukosa subira na huanza kuongea kabla ya 220. Kama IP yenu ina sifa mbaya, pengine kwa sababu kompyuta moja ofisini ina virusi vinavyotuma taka usiku kucha, adhabu hiyo huwapata wote kumi na wanane.

Kwa ajili ya meneja, kasi ya kupandisha ina kazi yake. Kiambatisho hugeuzwa kuwa herufi za kawaida, kwa mtindo uitwao Base64, kabla ya kusafiri, na huongezeka zaidi ya theluthi moja. Faili ya MB 10 inakuwa kama 13.7, ambazo ni megabiti 110 hivi, kwa kuwa kila MB ni megabiti 8. Laini inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde itaibeba kwa karibu sekunde 55 hata ikiwa haina mtu mwingine. Mngekuwa mnalalamikia viambatisho, ningemuunga mkono. Na kama maneno matupu yangeondoka lakini viambatisho vikagoma kabisa, ningekwambia uangalie MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa kifurushi cha data, kwenye ruta.

Ukigundua kimya ni cha kabla ya 220 na poti 113 na nslookup ziko salama, iandikie kampuni ya seva hivi: "Kutoka IP hii, poti 587, muunganisho unakubalika ndani ya sekunde moja lakini 220 inakuja baada ya sekunde 28. Kutoka mtandao mwingine inakuja mara moja." Weka na saa uliyofanyia jaribio, waweze kuitafuta kwenye kumbukumbu za seva yao. Ukiwaandikia tu kwamba barua ziko polepole, watakujibu uwashe ruta upya.