Sauli hakupigwa na radi siku ile

Wiki hii mmeuliza eti mtu asipomtii Mungu adhabu anaipata hapa hapa duniani au inamsubiri mbele. Mimi naandika kutoka Moshi, huku Pasua, na naamini anaipata hapa hapa, ila haiji vile tunavyoitegemea, inakuja taratibu na inawapitia hata wasiohusika.

Mcheki Sauli, mfalme wa kwanza wa Israeli, 1 Samweli 15. Kaambiwa na Mungu awapige Waamaleki, maadui wa Israeli, asibakize kitu, yeye akamwacha mfalme Agagi hai pamoja na kondoo na ng'ombe walionona, nabii Samweli anafika anasikia mifugo inalia, kumuuliza, jamaa anasema ooh hawa ni wa kumtolea Bwana sadaka. Ndo hapo akaambiwa kutii ni bora kuliko dhabihu. Sasa angalieni, hakupigwa na radi siku ile wala hakuugua, akaendelea kukaa kwenye kiti cha ufalme, na bado akamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee, yaani anachowaza ni watu watamwonaje! Lakini ndani alishaoza. Wivu kwa Daudi, yule aliyekuja kuwa mfalme baadae, anamrushia mkuki, makuhani 85 wa mji wa Nobu wakauawa kwa amri yake kisa kuhani mmoja alimpa Daudi mkate na upanga, mwisho usiku anabadilisha nguo anaenda kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi, yaani wa kuita wafu, kule Endori, na ni yeye mwenyewe aliyewafukuza watu wa aina hiyo nchini. Baada ya hapo ni vita na Wafilisti mlimani Gilboa, akafa na wanawe 3, Yonathani akiwemo ambaye kwenye ile ishu ya kondoo hatajwi kabisa. Na Mefiboshethi mtoto wa Yonathani, miaka 5 tu, yaya kusikia habari akamnyanyua akakimbia nae, mtoto akaanguka, akawa kilema miguu yote miwili. Huyu alimkosea nani jamani? Mimi hapo huwa naumia sana.

(Tusigeuze lakini, nyumba ya jirani ikiungua tuanze kusema kalaaniwa. Wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, Luka 13, Yesu alisema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu.)

Huku kwetu baada ya ibada kuna mnada wa sadaka, huyu kaleta mkungu wa ndizi, yule kuku, tunapandishiana bei, ni kitu kizuri na nakipenda. Ila kuna mnunuzi wa mazao ambae wiki nzima anamfungia mkulima lumbesa, gunia limevimba juu mpaka limeshonwa kwa kamba, analipa bei ya gunia la kawaida, halafu Jumapili jogoo mmoja anamnunua laki nzima na kanisa linapiga makofi. Hao ndo kondoo wa Sauli wenyewe. Mithali 11 imeandikwa mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, haijasema isipokuwa ukitoa vizuri mnadani. Na mtoto wa mkulima anakaa nyumbani hana sare, na kijana wa huyo mnunuzi anayesaidia kushona magunia anajua biashara ndo inavyofanywa, nae akija kuwa na mtoto atamfundisha hivyo hivyo.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alivyoguswa hakukimbilia hekaluni na jogoo, alisema niliyemnyang'anya namrudishia mara 4. Kwa hiyo huyo wa lumbesa, kabla ya mnada wowote, apande gari aende kwa wale wakulima akawalipe kilichozidi.