Jina lake niliita mara tatu

Juzi tabibu mmoja aliyepangiwa zahanati ya kijijini ameniandikia: "Kaka, wagonjwa wenye ulemavu nawahudumiaje, na hapa hata sabuni ni ya kuombaomba?" Nikacheka, maana sabuni hiyo naijua. Kisha nikamkumbuka mama mmoja, kicheko kikaisha.

Alifika saa mbili asubuhi, mtoto mgongoni anachemka homa. Mhudumu aliita jina lake, kimya. Mimi nikaita mara tatu, kimya, kadi ikarudi chini ya rundo. Saa sita mwanamke mwingine akasema, "Daktari, huyu hasikii." Kwa muda wa saa nne nzima alikuwa kwenye benchi lililotazamana na mlango wangu.

Kipimo kikaonyesha malaria. Nikatoa dawa mseto, na maelezo nikampa shemeji yake aliyekuja kumfuata. Nikajiona mjanja, nimepata mkalimani wa bure! Dozi ya pili baada ya saa nane, zinazofuata kila saa kumi na mbili, mpaka siku tatu zitimie. Shemeji akaitikia "sawa, sawa" huku akitazama simu. Kesho yake jioni mtoto akarudishwa hoi. Alikuwa amepewa dawa asubuhi tu.

Mtoto alipona. Mama yule akachukua kalamu mezani kwangu, akachora jua kwenye bahasha ya dawa, akachora mwezi, akaniangalia. Hakuna mkaguzi wa wilaya aliyewahi kunisema vile. Na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 nilishaijibia mtihani chuoni, nikafaulu vizuri sana.

Kwa hiyo, mdogo wangu, la kwanza: zungumza na mgonjwa, siyo na aliyemsindikiza. Kiziwi mtazame usoni, shusha barakoa inapowezekana, chora, onyesha kwa vidole. Mwite kwa kumfuata alipo. Fikiria mwanamke anayetaka uzazi wa mpango halafu unamhoji kupitia shemeji! Mama yule mwenyewe ndiye aliyenifundisha alama za kwanza: homa, maumivu, kunywa. Kama kuna tawi la CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, karibu, waulize mkalimani. Asiyeona mwambie unachofanya kabla hujamgusa, na chupa zake za dawa zifunge mipira ya kubania, mmoja ya asubuhi, miwili ya jioni. Haya yote hayataki bajeti. Narudia, hayataki bajeti.

Njia ya mteremko, ya kupandishia kitimwendo, ndiyo iliyotaka hela. Wanakijiji walichanga saruji na mchanga, fundi akatujengea kitu cha mita moja na nusu kupanda baraza la sentimita 45. Mzee mmoja wa kitimwendo alijaribu, akarudi kinyumenyume, tukamdaka. Tukabomoa. Kanuni ni kwamba kila sentimita moja ya kimo inataka kumi na mbili za urefu, kwa hiyo baraza letu lilidai mita 5.4, na vishikio pembeni. Fundi alinuna wiki nzima.

Wageni wakaja, wakaipiga picha, na kikaoni akapongezwa mtu ambaye hakuwahi kubeba hata ndoo moja ya mchanga. Sikusema kitu. Nasema leo, na bado inaniuma.

Lakini tusijifiche nyuma ya manung'uniko, nikiwemo mimi. Sisi wa zahanati tunapenda kusema "serikali ilete". Ilete nini, ustaarabu? Mgonjwa anayetambaa kwenye sakafu uliyoshindwa kuipiga deki hamsubiri waziri, anakusubiri wewe uliyeshika ufunguo wa stoo. Mlango wa choo unaofunguka nusu kwa sababu ya makatoni, hayo makatoni aliyaweka nani?

Mzee wa kitimwendo sasa anapanda barazani mwenyewe, na hataki kusukumwa. Ila kitanda cha uchunguzi bado kiko juu mno, kwa hiyo akiingia ndani tunamnyanyua watu wawili, naye hugeuza uso ukutani mpaka tumalize. Seremala amesema anaweza kukikata miguu. Jumamosi anakuja kupima.