Mchi wa Ghorofa ya Juu: Ninavyopanga Sakafu Izuie Kelele na Joto

"Fundi, kile kinu kinatwangwa kichwani mwangu." Ndivyo alivyonipokea mama mmoja, mwalimu mstaafu, nilipofika kwake Upanga, Dar es Salaam. Juu yake inaishi familia inayotwanga kisamvu karibu kila jioni, na kutwanga kisamvu si kosa. Kosa lilikuwa sakafuni: zege la sentimita 15, niru, vigae, basi. Fundi aliyetangulia alikuwa ameongeza saruji ya sentimita 5 juu ya ile ya zamani, akiamini kuwa uzito ndio dawa. Mchi uliendelea kusikika vilevile.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Redio ya jirani hupiga kelele hewani, ile kelele ndiyo inayokutana na sakafu, na kwa kelele ya namna hiyo uzito husaidia kweli, ingawa ukizidisha uzito wa sakafu mara mbili unapata nafuu ya desibeli 5 au 6 tu. Mchi haupitii hewani. Unaipiga sakafu yenyewe, nayo sakafu inakuwa ngoma. Zege gumu hupokea mtikisiko na kuusambaza hadi kwenye kuta na nguzo, ndiyo maana wakati mwingine unamsikia mtu wa ghorofa ya tatu ukiwa ya kwanza. Dawa yake ni kitu laini kilichobanwa kati ya vitu viwili vigumu, na kile kigumu cha juu kisiguse ukuta popote.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa kuchanganya kila kitu: saruji, mchanga, maranda ya mbao na chenga za matairi yaliyosagwa. Siku ya tatu bado niliweza kulichimba kwa ukucha. Mbao ina sukari, na sukari huchelewesha saruji kushika. Nilipoyaloweka maranda kwenye maji ya chokaa na kuyaosha kwanza, saruji ilishika, lakini nilichopata hakikuwa kigumu cha kutosha kubeba kigae wala laini cha kutosha kumeza mchi. Tangu hapo nimeacha kutafuta mchanganyiko mmoja unaofanya kazi zote. Napanga tabaka, kila moja na kazi yake.

Tabaka laini ninalolipenda ni makumbi ya nazi. Watu wa pwani wanayajua: yanafukiwa mchangani ufukweni miezi kadhaa, yanapondwa, yanasokotwa kamba. Nyuzi zake haziozi upesi kama nyuzi nyingine nyingi za mimea. Ila usizitie ndani ya saruji, kwa sababu ukali wa saruji huzila polepole. Zitandike kama mkeka, juu na chini nailoni. Na bafuni usizitumie kabisa. Huko tumia mpira.

Kabla ya kununua mkeka wowote, upime. Mimi hukata kipande cha sentimita 30 kwa 30 na kukiwekea mzigo wa kilo 27. Hizo ni kilo 9 za saruji itakayokaa juu yake na 18 za watu na samani. Nakiacha wiki mbili na kupima unene kila asubuhi kwa rula. Mkeka wa makumbi ulishuka siku za mwanzo kisha ukatulia. Mpira haukusogea sana. Sponji ya godoro ililala chapati usiku wa kwanza, na kuna mtu alikuwa anataka kuniuzia ya kutosha chumba kizima. Kitu kinachoendelea kushuka siku ya kumi na nne kikatae, kwa sababu vigae vitapasuka juu yake.

Kwa wanaopenda hesabu: saruji ya sentimita 5 ina uzito wa kilo 100 hivi kwa mita ya mraba. Ikikaa juu ya mkeka wenye ugumu wa meganyutoni 20 kwa mita ya ujazo, vyote viwili hucheza kama springi kwenye hezi 71 hivi, yaani mitikisiko 71 kwa sekunde. Kelele zilizo juu sana ya hapo zinakatwa, ila zinazolingana na hapo huongezwa. Kwa hiyo unataka namba hiyo iwe chini kadiri inavyowezekana. Mkeka laini mara nne huishusha nusu.

Sasa uzito wenyewe. Chumba cha mita 4 kwa 4 kinaongezewa tani 1.6. Jengo la zamani lisiguswe bila mhandisi wa majengo kulikagua, hata kama mwenye nyumba ana haraka. Nimeshakataa kazi mbili kwa sababu hiyo na sijutii. Kumbuka pia milango itakatwa chini, na kidato cha mwisho cha ngazi inayopanda hadi sakafu hiyo kitakuwa kirefu kuliko vingine. Watu hujikwaa hapo.

Kuhusu joto, makumbi yanafanya kazi nzuri kuliko watu wanavyodhani. Sentimita 2 zake huzuia joto sawa na zege lenye unene wa zaidi ya nusu mita. Zege halizuii joto, linalihifadhi: slabu ya paa inapikwa na jua mchana kutwa, halafu usiku inakurudishia wewe uliyelala chini yake. Hapo weka tabaka la kuzuia joto juu ya slabu, likingwe maji barabara, kisha upake chokaa nyeupe. Ukiliweka kwa chini, zege linaendelea kupikwa na kupasuka. Chenga za mpira sizipandishi paani, zikipigwa na jua harufu yake haivumiliki.

Lakini sakafu ya chini kabisa, inayokaa juu ya ardhi, huku pwani iache. Ardhi ya chini ya nyumba ni ya ubaridi kuliko hewa ya mchana, na ule ubaridi unaousikia miguuni ni zawadi. Nimeona watu wakilipa pesa nzuri kuufungia nje.

Nirudi Upanga. Tulivunja vigae, tukatandika, tukamwaga, tukasubiri. Nikamwomba dada wa juu atwange, nikashuka kwa mwalimu. Chumba kizima kimya, ila pembeni karibu na dirisha, du, du, du. Nikapanda tena, nikagonga vigae kimoja kimoja kwa mpini wa mwiko hadi nikapata mlio tofauti. Chini ya kigae kile toroli lilikuwa limechana nailoni kabla ya kumwaga. Saruji ilipenya kwenye mkeka na kugandia zege la chini: kidole kimoja tu cha saruji, hakikuzidi dole gumba langu. Mtikisiko wote wa kona ile ulikuwa unashukia hapo.

Nilikikata, nikaziba. Kisha nikapitia kuta zote, maana kosa hilohilo hutokea pale mtu anapojaza grauti, ile saruji ya kuziba mianya ya vigae, kati ya kigae na skatingi, ule ukanda wa chini ya ukuta. Pale unaacha nafasi ya milimita 5, unaziba kwa silikoni, na kipande cha mkeka kinapanda ukutani hadi juu ya usawa wa saruji. Ukikikata mapema kabla vigae havijawekwa, gundi itaingia. Nilimsimamia kijana wangu akikikata mwisho kabisa, kwa wembe, ukuta hadi ukuta.

Safari ya pili mwalimu alizima feni ili asikilize vizuri. Juu wakaanza kutwanga. Alinyoosha kidole kuelekea dari, akasubiri, akaniuliza kama wameshaanza.