Maswali ya Wasomaji: Chaja ya Gari Huijuaje Programu ya Kweli?

SWALI: Assalaam alaykum, Mhariri. Mimi na wenzangu wa ushirika tunakusudia kufungua kituo cha kuchajia magari ya umeme. Muuzaji wa chaja anatuambia kwamba programu yake inalindwa kwa uthibitisho wa kriptografia, na kwa hiyo haiwezi kuingiliwa. Huku kwetu intaneti hukatika mara kwa mara. Je, maneno yake yana maana gani, na tumuulize nini kabla ya kutoa fedha?
Msomaji, Chake Chake, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu msomaji. Kwamba programu ina uthibitisho wa kriptografia, yaani ulinzi wa taarifa kwa hesabu na funguo, huenda ni kweli. Kwamba haiwezi kuingiliwa, msikubali kuambiwa na muuzaji yeyote.

Uthibitisho unaotumika zaidi katika kazi hii ni sahihi ya kidijitali. Mtengenezaji anapotoa toleo jipya la programu ya chaja, hulipitisha kwanza katika hesabu maalumu, kwa mfano ile iitwayo SHA-256, ambayo hutoa alama yenye biti 256, yaani tarakimu 256 za sifuri na moja. Ikibadilishwa herufi moja tu ndani ya programu, alama nzima hubadilika. Alama hiyo huitia sahihi kwa ufunguo wa siri, yaani namba ndefu aliyonayo yeye peke yake. Chaja nayo hutoka kiwandani ikiwa na ufunguo wa wazi unaoendana na ule wa siri, hivyo programu inapofika, chaja huikokotoa alama upya, huikagua sahihi, na mambo hayo yasipolingana hukataa kuipakia.

Kuhusu intaneti, ukaguzi huo hauihitaji, kwa sababu kila kinachotakiwa kimo ndani ya chaja. Wateja wa TUKUZA, umeme wa kulipia kabla wa hapa Zanzibar, wameshazoea jambo la jamii hiyo: mita huzikagua tarakimu za tokeni yenyewe, nyumbani, bila ya kuuliza popote. Tofauti ni kwamba ufunguo wa mita lazima ubaki siri, ilhali ule uliomo ndani ya chaja si siri. Mwizi akiifungua chaja na kuusoma, bado hawezi kutia sahihi programu yake mwenyewe. Mnachopaswa kukiangalia zaidi ni saa ya chaja. Umeme unapokatika, chaja isiyo na betri ya saa inaweza kuamka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita, ikakiona cheti cha seva (hati ya kidijitali ya kompyuta inayoisimamia chaja) kuwa bado hakijaanza kutumika, na ikakataa kuzungumza na seva hiyo hata kama mtandao upo. Muulizeni habari hiyo waziwazi.

Sasa nije kwenye mipaka. Sahihi inathibitisha programu imetoka kwa nani na kwamba haikuguswa njiani. Haithibitishi kwamba programu yenyewe haina kasoro. Januari 2024, katika mashindano ya kutafuta mianya ya usalama, Pwn2Own Automotive, mjini Tokyo, watafiti waliziingilia chaja za kampuni kadhaa kwa kutumia makosa yaliyomo ndani ya programu halisi za watengenezaji. Vilevile toleo la zamani lenye kasoro inayojulikana bado lina sahihi halali, na chaja isiyokagua namba ya toleo italipokea tena kama kwamba ni jipya. Na ufunguo wa siri ukiibwa, ulinzi wote huo umekwisha, ndiyo maana ni haki yenu kujua unahifadhiwa wapi na utabadilishwa vipi. Kwa Pemba jambo hili ni zito, kwa kuwa tangu 2010 umeme wetu unakuja kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga, na mtu anayeweza kuziwasha na kuzizima chaja nyingi kwa pamoja anaweza kuitikisa gridi ndogo kama hii.

Takeni chaja inayofuata OCPP 2.0.1, kiwango cha mawasiliano kati ya chaja na seva kilichotolewa 2020, ambacho kina utaratibu wa programu zenye sahihi na mawasiliano ya vyeti kwa pande zote mbili. Takeni pia mita inayotia sahihi usomaji wa mwanzo na wa mwisho wa kila mteja, kama Ujerumani inavyodai ili dereva aweze kuhakiki uniti alizotozwa. Mtandao ukikatika, usomaji huo hubaki ndani ya chaja na kutumwa baadaye bila ya mtu kuweza kuubadilisha kwa siri. Kisha, kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji abadilishe baiti moja, yaani kipande kidogo mno cha data, katika faili la programu na ajaribu kulipakia mbele yenu. Chaja inapaswa kulikataa na kuandika tukio hilo katika kumbukumbu zake. Muuzaji akikwepa jaribio hilo, msinunue.

SWALI: Je, kadi ya kuchajia gari inaweza kunakiliwa?
Msomaji, Mwanakwerekwe, Unguja

JIBU: Ndiyo, ikiwa chaja inasoma namba ya kadi peke yake, kwani namba hiyo husomwa na kunakiliwa kwa kifaa kidogo, jambo hili lilioneshwa hadharani Ujerumani mwaka 2017. Kadi salama ni ile inayoulizwa swali jipya kila inapogusishwa, ikajibu kwa ufunguo usiotoka ndani yake. Kwa magari yenyewe, kiwango cha ISO 15118 huiwezesha gari kujitambulisha kwa cheti kupitia waya wa kuchajia, bila ya kadi.