Kibweta kipi kitavuka masika bila daftari kulowa? (jibu refu)

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo: kama kopo la biskuti lililozungushiwa selotepu linafaa kuwa kibweta cha jiokashi, ununue vifaa gani, na mkutano wa kwanza wa wachezaji wa hapa Unguja uupange vipi. Umesema utaficha vitatu: Mji Mkongwe, ufukweni, na shambani kwa mjomba wako. Nianze na kopo. Halifai, na selotepu inalizidishia ubaya. Nitaeleza kwa nini, maana ukishaielewa sababu utaweza kukikagua chombo chochote mwenyewe.

Kwa anayepita tu: jiokashi ni mchezo wa kuficha chombo chenye daftari, ndicho kibweta, na kutangaza mtandaoni kodineti zake, yaani namba za mahali kilipo. Watu wanakitafuta kwa GPS, wanasaini, wanakirudisha palepale. Ulianza Mei 2000 huko Oregon, Marekani, mara tu serikali ya huko ilipoacha kuyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia. Chombo cha kwanza kilikuwa ndoo ya plastiki.

Sasa maji. Wengi hudhani yanaingia kwa sababu mvua inapiga mfuniko. Ukweli ni kwamba kibweta kinapumua. Jua la saa nane mchana likikichoma, hewa ya ndani inafika nyuzi 50, inatanuka na kujipenyeza nje. Mvua ikishuka ghafla ndani kunapoa hadi nyuzi 25, hewa inasinyaa, na kibweta kinavuta. Kwa chombo cha lita moja mvuto huo ni kama mililita 80, yaani kikombe kizima cha kahawa ya barazani. Kama kwenye ukingo wa mfuniko pametuama maji, kitakachovutwa ni maji. Selotepu inafanya hasa hilo: inaachia upande mmoja, inakuwa mfuko mdogo wa kuhifadhi maji pale pale penye ufa, halafu jua likirudi inayazuia yasikauke.

Kwa hiyo mdomo wa kibweta utazame chini au pembeni, usitazame juu. Kiweke kivulini. Usichukue chombo kikubwa chenye nafasi tupu, kwa sababu hewa ikiwa nyingi na mvuto unakuwa mkubwa. Na lazima kuwe na mpira wa kuziba unaozunguka mdomo mzima bila kukatika.

Jipime kabla ya kuficha. Weka karatasi ya chooni kavu ndani, funga, anika juani saa moja mpaka kiwe cha moto mkononi, kisha kitumbukize kwenye ndoo ya maji ya baridi na ukikandamize kwa jiwe kwa saa nyingine. Kitoe, kikaushe nje kwa kitambaa, ndipo ufungue. Karatasi ikiwa na hata doa moja la unyevu, kipeleke jikoni. Ukikipima kwenye maji bila kukianika kwanza utadanganyika, kwa sababu hakitakuwa na mvuto wowote.

Nikipanga vyombo kwa uzoefu wa mazingira yetu, cha kwanza ni prifomu, ile chupa ya soda kabla haijapulizwa kiwandani: kijibomba kinene cha plastiki ya PET chenye mdomo wa milimita 28. Kifuniko chake ni kilekile cha chupa ya soda, kilichotengenezwa kuzuia gesi isitoroke, kwa hiyo kupumua kwa kibweta hakukisumbui hata kidogo. Kinabeba karatasi iliyoviringishwa na kipande cha penseli. Ubaya wake ni kwamba hakina nafasi ya vizawadi ambavyo wachezaji hubadilishana.

Ukitaka nafasi, chukua boksi la chakula lenye vibano pande nne na mpira mfunikoni. Vibano viwili tu havitoshi, kwani pembe zisizobanwa huinuka. Kila baada ya miezi michache ng'oa mpira, uoshe, ukaushe, urudishe. Punje moja ya mchanga chini ya mpira inatosha kuliua boksi zima. Usipake mafuta ya mgando, yanaulegeza mpira wa asili. Tumia grisi ya silikoni, tena kidogo tu, isipokuwa kama mpira wenyewe ni wa silikoni, maana grisi hiyo huuvimbisha. Kasha la chuma la risasi ndilo wanalolisifu Ulaya na Marekani, na ni kweli halivuji, lakini hapa sikushauri. Kwanza muokota vyuma chakavu atalipata kabla ya mchezaji. Pili, kasha la kijeshi au bomba la PVC lililozibwa kotekote, likikutwa mjini, litadhaniwa bomu, litaita polisi na kufunga barabara nusu siku. Mjini tumia chombo kinachoonekana ndani. Vikopo vya filamu vya zamani viache kabisa, havikutengenezwa kuzuia maji.

Kuna kigezo kingine ambacho miongozo ya wenzetu haikisemi: kibweta kisiwe na thamani kwa mpita njia. Chupa ya plastiki inauzwa kwa kilo. Boksi zuri lenye mfuniko litabeba maandazi ya mtu kesho asubuhi. Kipake rangi kisha uikwaruze, kipasue pembe ya nje isiyohusiana na kuziba, kifanye kibaya machoni.

Ndiyo maana kwa shamba la mjomba ningekwenda na nazi. Si nazi nzima, hiyo itaokotwa siku hiyohiyo. Tafuta nazi kavu iliyotobolewa na panya, kumbi lake bado lipo; hiyo kila mtu anaijua ni tupu na anaipita. Utahitaji prifomu moja na kifuniko chake, sentimita 10 za bomba la PVC la milimita 40, gundi ya epoksi ya mirija miwili, mshipi wa kuvulia na msasa namba 80. Kata nyuzi za kumbi kwa kisu kikali kuzunguka tobo la panya kabla ya kutumia drili. Usipofanya hivyo nyuzi zitajisokota kwenye meno ya msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, na drili itakugeukia mkononi. Panua tobo la kifuu lifikie unene wa nje wa bomba. Kwangua mabaki yote ya nazi kwa kijiko kirefu, mimina maji ya moto, tikisa, mwaga, rudia, kisha anika siku tatu au nne. Ukibakisha utando kidogo, sisimizi watakuja kwanza na panya atafuata.

Toboa matundu mawili ya milimita 6 upande utakaokaa chini, maji yatoke. Paruza bomba kwa msasa mpaka mng'ao uishe, maana epoksi haishiki PVC laini, kisha ligundishe ndani ya tobo. Toboa mwisho wa ndani wa bomba na upitishe mshipi kimsalaba, ili prifomu isizame lakini maji yapite. Mwisho, gundisha kishungi cha nyuzi za kumbi juu ya kifuniko cha prifomu. Anayetazama ataona kumbi tu. Anayejua atavuta kishungi.

Mahali pake ni juu ya jiwe la matumbawe, si juu ya udongo: mchwa humaliza kumbi miezi michache tu. Usiweke chini ya mnazi unaozaa, hakuna kodineti yenye thamani ya kichwa cha mtu. Na mwambie mkwezi pamoja na wanaokaa shambani, kwa sababu makumbi ni kuni na kibweta chako kinaweza kuchemsha maharage.

Ufukweni kosa kubwa ni kupima mahali siku za maji mafu, bahari isipopanda sana. Bahari inapanda na kushuka karibu mita 4 wakati wa bamvua, na shimo la mwamba lililokavu leo litajaa wiki ijayo. Nenda siku ya bamvua wakati maji yamejaa, uone mstari wa mwani, upande juu yake angalau mita moja. Sumaku zenye nguvu, zile za kung'aa kama fedha, huoza upesi kwa chumvi ganda lake likichubuka; zizamishe zote ndani ya epoksi. Skrubu iwe ya chuma kisichoshika kutu daraja la 316, kwa kuwa 304 huota madoa karibu na bahari. Kima nao ni wadadisi. Rangi isiyong'aa inasaidia, chakula ndani ya kibweta hakisaidii, na mchezo wenyewe unakikataza.

Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000. Usipigilie msumari, usitoboe, usigundishe kitu ukutani, na milango ya nakshi usiikaribie kabisa. Zungumza na mwenye nyumba akuruhusu kuninginiza prifomu nyuma ya bomba la mvua au chini ya baraza. Ukiweka dukani utakwama: kwa sheria za Geocaching.com, tovuti inayoorodhesha vibweta, haikubaliki kumlazimisha mchezaji aingie sehemu ya biashara, azungumze na mwenye duka au anunue. Kumbuka pia umbali wa mita 161 kutoka kibweta kingine, na kutochimba shimo bila ruhusa ya wazi ya mwenye ardhi.

Vichochoro vile ndivyo vinavyoharibu kodineti. Mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta na kurudi, simu inakuonyesha uchochoro wa pili. Simu inayokosea mita 5 uwanjani inaweza kukosea 30 pale. Pima kwa siku tatu tofauti, kila mara ukitulia dakika kumi, tupa kipimo kilichoenda mbali, chukua wastani wa vilivyobaki, halafu andika kidokezo kizito kidogo. Mwandiko unaotumika ni nyuzi na dakika zenye desimali. Ukiandika 09.300 na mtu akaisoma dakika 9 na sekunde 30, amepotea mita 370. Na ukisahau kuchagua S badala ya N, kibweta chako cha Unguja kitakuwa Ethiopia; hili hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu programu nyingi huanza na N.

Ukitaka kitu cha kuchezea, tengeneza bomba la kuelesha. Bomba la PVC la inchi moja na nusu, sentimita 60, lisimame wima, chini limezibwa, prifomu iko ndani. Mchezaji anamimina maji, prifomu inapanda hadi juu. Linameza kama mililita 750, kwa hiyo aje na chupa ya lita moja na nusu, na hilo uliandike kwenye maelezo. Wengi huziba chini kabisa, na hapo ndipo wanapofuga mbu. Toboa tundu la milimita 3 chini: ukimimina kwa haraka maji yanapanda bado, ukiacha bomba linakauka ndani ya dakika mbili hivi. Mdomo wa juu uvike wavu mlaini unaoondoka, vinginevyo nyigu watahamia. Lisiwe mjini, kwa sababu niliyotaja juu.

Daftari liandikwe kwa penseli. Wino unasambaa ukilowa, na kalamu huvuja kwenye joto. Pakiti za silika zinaaminiwa kupita kiasi: hunyonya karibu theluthi ya uzito wake, yaani pakiti ya gramu 5 ni chini ya mililita 2 za maji, kisha inageuka mzigo. Zinafaa kwa unyevu wa pumzi na mikono, hazitibu kibweta kinachovuja.

Vifaa vya mtafutaji ni vichache: taa ya kichwa, kibano cha kuchomolea karatasi, penseli mbili, karatasi za akiba, kitambaa kikavu, oringi (pete za mpira za kuziba) za ziada, betri ya kuchajia simu, na fimbo. Fimbo ndiyo muhimu. Mkono hauingii shimoni kabla ya fimbo kupita, kwa ajili ya nge na nyoka. Kifaa maalumu cha GPS unaweza kukiacha mpaka utakapoanza kwenda msituni.

Mkutano, ili uorodheshwe kwenye Geocaching.com, lazima uwasilishwe angalau wiki mbili kabla, udumu si chini ya dakika 30, uwe na kodineti na saa, na usiwe wa kuuza kitu. Wa kwanza ufanye mdogo, alasiri, kwenye baraza au bustani yenye kivuli, chai ya tangawizi kila mtu kwa mfuko wake. Weka ndoo mbili, moja ya maji ya moto kiasi na nyingine ya baridi, kila mmoja alete kibweta chake kipimwe mbele ya watu. Hakuna kinachochangamsha baraza kama boksi la bei kubwa kukutwa na maji. Pembeni weka meza ya vibweta vilivyokufa: kilicholiwa na mchwa, kilichopasuliwa na jua, kilichoota kutu. Mgeni anajifunza zaidi hapo kuliko kwenye hotuba.

Wa pili ufanye wa kusafisha ufukwe. Zungumza na kamati ya wavuvi kwanza, pata magunia na glavu nene, panga gari la kubeba taka kabla ya kutangaza, na chagua saa ya maji kupwa ili mpate eneo pana. Magunia yakibaki ufukweni usiku mmoja yatapasuliwa na mbwa na kazi itaanza upya.

Lebo ya kibweta iandike kwa Kiswahili, kwa wino usiofutika, ndani na nje: "Mchezo wa jiokashi. Si takataka, si hatari. Ukikikuta kwa bahati, kifungue utazame, kisha kirudishe hapohapo." Kiingereza kifuate chini, kwa maandishi madogo.